Mtoto akipiga simu na kunyamaza, msikate

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tujibu lawama inayoibuka kila zinapotajwa simu za msaada kwa watoto na vijana: kwamba watoto wanazichezea. Anayelaumu huwa na takwimu mkononi. Simu nyingi zinazoingia, atasema, ni za kimya, za utani, za kubipu, au za kukatwa kabla mhudumu hajamaliza kusalimia. Zile anazoziita za kweli ni chache. Kwa hiyo bajeti ipunguzwe, wahudumu wapunguzwe, au uwekwe mtambo wa kuchuja wapigaji. Takwimu hatuzipingi. Huduma za namna hii karibu popote duniani hupokea rundo kubwa la simu zisizofika kwenye mazungumzo. Tunachopinga ni kuziandika simu hizo upande wa hasara. Sisi tunaofundisha wahudumu hao tunaziweka upande wa kazi, tena kazi ngumu kuliko nyingine.

Fikiria anachodaiwa mtoto kabla ya kusema neno moja. Apate simu, ambayo mara nyingi si yake. Apate mahali pasipo na masikio ya watu. Awe na sentensi ya kuanzia, na sentensi yenyewe humtoka kichwani mara tu asikiapo sauti ya mtu mzima. Tena hamjui aliyepokea. Ni mkali? Atanicheka? Anamfahamu mama? Mtoto hana njia ya kupata majibu hayo ila kupiga na kusikiliza. Akishasikia sauti mara moja, akaona haina ukali, ameshapiga hatua ya kwanza hata kama hakufungua mdomo.

Simu ya kimya ina namna yake ya kupokewa. Mhudumu ataje huduma na jina lake la kwanza, kisha asikimbilie “Nikusaidie nini?” kwa sababu swali hilo linadai ombi lililokwisha kupangwa, na mtoto hana. Inatosha kusema: “Karibu, hapa ni simu ya watoto na vijana. Mimi naitwa fulani, nipo.” Halafu anyamaze sekunde 10 hadi 15 na asikilize kwa makini. Pumzi inasikika? Kuna televisheni, mlango unaofungwa, mtu anayefoka chumba cha pili? Baada ya hapo aseme: “Nasikia kuna mtu. Huna haja ya kuharakisha.” Anyamaze tena, safari hii nusu dakika. Maswali matatu mfululizo humfukuza mpigaji. Kinachosaidia ni kumpa mtoto mifano asiyolazimika kuijibu: wengine hupiga kwa jambo la shule, wengine la nyumbani, wengine wamechoka tu na hawajui wamechokeshwa na nini.

Kimya kikiendelea, mhudumu atoe njia isiyohitaji sauti. Mtoto agonge kwa kidole karibu na kinasa sauti cha simu, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Maswali sasa yawe mafupi na ya usalama kwanza: Uko peke yako? Kuna mtu hapo unayemwogopa? Umeumia? Umemeza kitu? Kubonyeza namba za simu hatukupendekezi, maana mitambo mingine hairushi mlio huo, na kwenye simu za kugusa kioo huzima kikiwa sikioni. Hata kugonga kuna hitilafu yake: simu nyingi za sasa huchuja kelele na huweza kumeza mlio wa kidole pamoja na kelele nyingine. Kwa hiyo mhudumu asiposikia kitu asihitimishe kwamba jibu ni hapana. Amwombe mtoto akohoe au apulize.

Dakika 5 hadi 10 za namna hii si nyingi. Mhudumu aseme neno moja kila baada ya dakika hivi ili mtoto ajue bado yupo, na kabla ya kuaga atoe taarifa: “Nitakaa nawe dakika mbili nyingine, kisha nitaaga. Ukipiga tena, hata ukinyamaza tena, tutapokea.” Kisha aandike saa, muda na sauti alizozisikia, ili wa zamu inayofuata asianze gizani. Neno “kimya” peke yake kwenye daftari halimsaidii mtu yeyote.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni hili: “Halo? Halo? Kama huongei nakata.” Hapo mtoto amefundishwa kwamba kunyamaza ni kosa. Kosa la pili, baya zaidi, ni kubahatisha: “Kuna mtu anakufanyia mambo mabaya?” Jambo hilo likiwa halipo, umemtisha. Likiwepo, umemwekea maneno mdomoni, na tutaeleza baadaye kwa nini hilo ni hatari.

Tuje kwenye utani. Kundi la vijana limewasha spika, mmoja anauliza swali la ngono kwa sauti nzito ya kuigiza, wengine wanaangua kicheko. Wahudumu wapya huchukia, na chuki hiyo tunaielewa. Ila swali lenyewe lisikilizwe. Mara nyingi ni swali halisi lililovikwa mzaha kwa sababu halikuwa na nguo nyingine ya kutokea nayo. Jibu liwe la sentensi moja au mbili, sahihi, bila mahubiri, kama vile mwulizaji hakucheka. Kisha mhudumu aseme kwamba yeyote kati yao anaweza kupiga baadaye akiwa peke yake. Kwenye kundi la watano yupo asiyecheka sana, na huyo anasikia kila kitu. Mhudumu akitishia kuwatafuta kwa namba zao, hakuwaadhibu watundu hata kidogo. Ameliambia darasa zima, kupitia hao watano, kwamba simu ile hufuatilia watu. Wala asijitetee kwa kudai haoni namba ikiwa mtambo unaionyesha. Watoto hugundua uongo wa namna hiyo upesi.

Wapo watu wazima wanaopiga kwa nia chafu, hasa wakisikia sauti ya kike. Hao hatuwahesabu hapa. Wanapewa onyo moja, simu inakatwa, tukio linaandikwa, na mhudumu anapumzika kabla ya kupokea nyingine.

Tatizo jingine huanzia kwenye mabango. Mengi yana picha ya mtoto aliyejikunyata na maneno makubwa: RIPOTI UKATILI. Kijana aliyetengwa na marafiki, au aliyefiwa, au anayelala macho wazi kwa hofu ya mtihani, huliangalia bango lile na kujiambia kwamba halimhusu. Hana alama mwilini, hana wa kumripoti. Hata yule mwenye jambo zito mara nyingi hana nguvu ya kuanza nalo. Huanza na kazi ya shule iliyomshinda au ugomvi na rafiki, aone mhudumu analipokeaje hilo dogo. Akiambiwa “Hilo tu?” au akipewa ushauri wa haraka ili aachie laini, amepata jibu lake. Mhudumu aliyefunzwa husikiliza hilo dogo mpaka mwisho wake, kisha huuliza kama kuna kingine, na kungoja. Tena neno zito lina tabia ya kutoka wakati wa kuagana, ndiyo maana tunafundisha kwamba kuaga nako kutengewe dakika 3, si sekunde 3.

Maneno mengine yafutwe kabisa kwenye kinywa cha mhudumu. “Usijali” ni amri isiyotekelezeka. “Pole” moja ya kweli inatosha. Zikiwa kumi zinakuwa kelele. “Kwa nini hukumwambia mama?” masikioni mwa mtoto ni shitaka, wakati “Nini kilifanya iwe vigumu kusema?” huuliza jambo lilelile na kumwacha na heshima yake.

Juu ya kujiua tungependa wasomaji wako, wazazi na walimu, walijue hili pia: kuuliza waziwazi hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti wa miaka mingi uko upande huo. Swali liwe wazi, “Unafikiria kujiua?”, lisiwe la kuzunguka kama “Hufikirii kufanya ujinga, sivyo?” ambalo linamwomba aseme hapana. Jibu likiwa ndiyo, yanafuata kwa utulivu: amefikiria njia gani, kifaa au dawa iko karibu kiasi gani, ni leo au siku nyingine, amewahi kujaribu, yuko na nani. Hatua ya mwanzo ni kuweka umbali kati yake na hicho kitu, na kumpata mtu mzima mmoja anayemwamini afike alipo, huku laini ikiwa wazi.

Akisema ameshameza dawa, mhudumu aulize ni dawa gani, vidonge vingapi na saa ngapi, kisha atafute msaada wa dharura mara moja hata kama mtoto anasema anajisikia vizuri. Parasetamoli ndiyo hudanganya wengi: siku ya kwanza mtu huweza asione dalili kubwa, wakati ini linaendelea kuharibika. Dawa ya kuzuia madhara yake ipo hospitalini na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza. Asilazimishwe kutapika.

Siri ina mipaka, na mipaka isemwe mapema. Mhudumu asiahidi kamwe kwamba hatamwambia mtu yeyote. Anachoweza kuahidi ni kwamba mazungumzo yanabaki ndani ya huduma isipokuwa pale maisha au usalama wa mtoto huyo au wa mwingine uko hatarini, na kwamba ikifika hapo mtoto ataambiwa kwanza: nani atajulishwa, nini na lini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika Kifungu cha 12 na ulinzi wa faragha katika Kifungu cha 16. Kwenye simu vifungu hivyo viwili husuguana kila siku na haki yake ya kulindwa, na hakuna kanuni inayoondoa msuguano huo. Kuna kusema kweli mapema tu.

Mtoto anapoeleza kwamba ameumizwa, mhudumu si mpelelezi. Aulize yanayotosha kujua kama mtoto yuko salama usiku huu, na aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka, hata kama ni ya kitoto, hata kama jina la kiungo si la vitabuni. Akiyatafsiri kwa lugha ya ofisini, au akiwa ameuliza maswali yenye jibu ndani yake, upande wa utetezi utasema mbele ya hakimu kwamba hadithi ni ya mtu mzima aliyepokea simu. Ndiyo hatari tuliyoitaja ya kumwekea mtoto maneno mdomoni. Jambo la mtoto likishapelekwa kwa ustawi wa jamii, mtu mmoja kwenye huduma abaki na jukumu la kuulizia limefikia wapi. Mtoto atakayepiga tena na kusema “Mlisema atakuja” ana haki ya kukuta jibu.

Sasa turudi kwa wenye kalamu za bajeti. Pendekezo la kuchuja kwa mtambo, yaani “bonyeza 1 kwa unyanyasaji, bonyeza 2 kwa masomo”, linamtaka mtoto aliite kwa jina jambo ambalo hajaweza kulitamka. Kila hatua ya kubonyeza inapoteza wapigaji, na wanaopotea kwanza ni wale wa kimya. Salamu iliyorekodiwa, kama lazima iwepo, isizidi sekunde 10.

Hesabu ya wahudumu nayo hukosewa kwa namna moja. Chukua jioni yenye simu 6 kwa saa, kila moja ikichukua dakika 30 pamoja na kuandika. Hizo ni saa 3 za kazi ndani ya saa moja, na mhasibu atasema wahudumu 3 wanatosha. Hawatoshi, kwa sababu simu haziji kwa zamu kama watu waliopewa namba. Kwa wastani huo, wakiwa 3 foleni haiishi. Wakiwa 4, karibu nusu ya wapigaji watasubiri. Wakiwa 5, atasubiri takriban mmoja katika kila wanne. Mhudumu anayeonekana amekaa bure kwa dakika kadhaa ndiye anayepokea ile simu ambayo isingerudi tena.

Ukiweka shabaha ya urefu wa mazungumzo, watoto wa kimya watakatwa ili wastani upendeze. Pimeni mengine: simu ngapi zilipokelewa kati ya zilizopigwa, mpigaji alisubiri sekunde ngapi, wangapi walikata kabla ya kupokewa, na ni saa zipi. Saa zenyewe hazishangazi, ni baada ya masomo, jioni na usiku. Huduma inayofungwa saa za ofisi zinapokwisha inafungwa wakati watoto wanapoanza kuihitaji. Zamu isizidi saa 4 mfululizo, awepo msimamizi anayeweza kusikiliza simu na kumnong’oneza mhudumu, na mhudumu asiende nyumbani na simu nzito ambayo hajaizungumza na mtu.

Kuhusu namba yenyewe, dunia imeshajifunza. Kindertelefoon ya Uholanzi ilianza mwaka 1979. ChildLine ya Uingereza, iliyoanzishwa na Esther Rantzen mwaka 1986, ina 0800 1111. India ina 1098, namba inayoshuka kama kuhesabu kurudi nyuma (kumi, tisa, nane), iliyoanzia Mumbai mwaka 1996. Nchi nyingi za Ulaya zina 116 111, na Kenya, Tanzania na Uganda zina 116. Tangu mwaka 2003 upo mtandao wa kuziunganisha huduma hizi, Child Helpline International, wenye makao Amsterdam. Namba fupi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwamba bure iwe bure kweli. Ipo mitandao ambayo laini isiyo na salio hujibiwa kwamba salio halitoshi hata kwa namba ya bure, na mtoto hana wa kumlalamikia. Kila mwezi ichukuliwe laini tupu ya kila mtandao, ipigwe, na matokeo yaandikwe. Kazi hiyo haichukui hata saa moja.

Mzazi anayekuta namba hiyo kwenye orodha ya simu zilizopigwa asipige kuuliza mtoto alisema nini. Hataambiwa, na ndivyo inavyopaswa. Wala asimwite mtoto sebuleni kumhoji. Amwachie mlango kwa sentensi moja wakiwa wawili, kama vile wakiosha vyombo au wakiwa njiani: kwamba ukipata jambo la kuzungumza na mtu mwingine, mimi sina kinyongo. Na kwa kuwa simu nyingi ni za familia nzima, mhudumu naye aulize kila mara: simu hii ni ya nani, nikituma meseji nani ataisoma? Asipige tena bila kukubaliana na mtoto siku, saa, na maneno ya kusema iwapo atapokea mtu mwingine.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linapoandika habari ya mtoto aliyejidhuru au kudhuriwa, msieleze njia iliyotumika, na chini yake mchapishe namba ya huduma ya watoto pamoja na mambo haya: ni bure hata bila salio, saa inazofanya kazi, anayepokea ni mtu, si lazima utaje jina, unaweza kupiga kwa jambo lolote, na ukishindwa kusema hutakatiwa. Hayo yanaenea kwenye mistari 6. Isitoshe, msiyaache kwenye ukurasa wa habari za mahakama peke yake, ambako watoto hawafiki. Yawekeni pia kwenye ukurasa wa michezo, karibu na ratiba ya mechi, kwa herufi zinazosomeka.

Wako,
Wakufunzi wa wahudumu wa simu za watoto na vijana